Kibuyu cha Mstari Mmoja

Bariadi,
2 Februari 2025.

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na kabla sijafungua daftari lolote la shule nimekaa uani kukuandikia. Siku ile ulipokuwa unapanda gari la Mwanhuzi kwenda kumuuguza kaka yako, Babu Bundala, uliniambia, "Nitunzie ukuta wangu, na uniambie kila kinachopita chini yake, hata kama ni sisimizi." Nilikuahidi kwa mdomo, na sasa ninakuahidi kwa maandishi: nitakuambia yote, mazuri na mabaya, bila kupunguza kwa woga wala kuongeza kwa sifa. Nimeona ni heri barua kuliko simu, maana ile simu ya Babu Bundala anaiweka sauti ya juu na ukoo mzima unajibu.

Naanza na vibuyu. Vyote vimening'inia mahali pake ukutani, upenuni upande wa nyuma. Kila Jumamosi ninavipangusa kwa kitambaa kikavu kama ulivyonifundisha, kuanzia kile kikubwa chako ulichokishona shingoni kilipopasuka, mpaka vile vidogo vya samli. Changu chenye mistari mitatu nimekipaka samli kidogo kwa nje, sasa kinang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Mama alipita na ndoo, akasema, "Kwetu Bukoba hivi vyote tungekuwa tumeshavikata vya kunywea pombe ya lubisi."

Nikamwambia, "Mama, Bibi akikusikia atapanda gari leo leo."

"Ndiyo maana nasema akiwa hayupo," akajibu, akacheka mpaka maji yakamwagika.

Upande wa wanyama, kalunguyeye bado anaishi chini ya rundo la mabua. Jioni anatoka akihema kama mzee aliyepanda kilima, nikimkaribia anajiviringisha, nikiondoka anaendelea na safari yake. Mjusi mwenye kichwa chekundu amempiga mwenzake, sasa ukuta wote ni wake. Ndege wale wadogo, chozi, wanakuja asubuhi kwenye maua ya mshubiri wako.

Na sasa habari kubwa. Kwenzi wamekuja kuishi kwetu, Bibi! Ni wawili, mgongo wa buluu unaometa, kifua cha rangi ya kutu, jicho jeupe kama wameshtuka. Wanaingiza nyasi katika kile kibuyu cha mwisho upande wa bafu, chenye mstari mmoja shingoni. Upepo wa Januari uliangusha kifuniko chake kwa sababu kamba ilikuwa imeoza, nami nilichelewa kutafuta kamba nyingine. Nilipowaona wanaingia nilikuwa nimesimama pale pale na kifuniko mkononi, na sikuweza kukirudisha. Kibuyu hicho hakijawahi kutiwa maziwa tangu nipate akili, lakini ni mali yako, siyo yangu. Ndiyo maana ninakuuliza kabla hawajataga: niwaache, au niwatoe?

Mjukuu wako,
Nyamizi.


Bukundi,
11 Februari 2025.

Mama yangu Nyamizi,

Mwangaluka, mama. Usicheke. Una jina la aliyenizaa, kwa hiyo mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia, si wewe mimi. Barua yako nilimsomea Bundala. Akasema, "Mama yetu ameendelea. Alipokuwa anatulea hakujua hata kushika kalamu." Mguu wake unaunga, lakini mdomo wake haujawahi kuvunjika. Daktari alimkataza kupanda baiskeli. Yeye akamuuliza kama punda anaruhusiwa.

Kalunguyeye usimpe maziwa, yatamharisha. Mwache ale mende, ndiyo kazi iliyomleta. Mshubiri usiumwagilie kila siku, utaoza mizizi. Vibuyu vifukize mara moja kabla mvua za Machi hazijashika, dudu wasivitoboe. Tumia vile vijiti nilivyoacha juu ya dari ya jiko. Kaa moja ndani, tikisa, mwaga. Usiliache likae, utaunguza.

Mwambie mama yako kwamba habari za lubisi nimezipata. Akajitayarishe.

Hapa kumekauka. Ng'ombe wanaenda mbali na kurudi wamechoka. Mwandu, mjukuu wa Bundala, ameoa. Mke wake anaitwa Lucy, naye ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Ni mtoto mwenyewe, anaogopa hata kuku. Nimeamua nisirudi kwanza mpaka ajifungue.

Mengine yote uliyoandika nimeyasoma.

Bibi yako,
Kabula.


Bariadi,
22 Februari 2025.

Bibi mpendwa,

Shikamoo, ingawa sasa naona aibu kukuamkia. Mama amenisomea mwenyewe kwa sauti yale ya "akajitayarishe", na tangu siku hiyo akipita chini ya vibuyu anainamisha kichwa kama anapita mbele ya altare.

Kuhusu kwenzi hukujibu neno. Niliisoma barua mbele na nyuma nikitafuta. Kisha nikakumbuka Baba anavyosema kila siku: "Mama yangu akiulizwa jambo akanyamaza, amekubali, kwa kuwa akikataa mtaa mzima unasikia." Basi nimewaacha. Ninakushukuru sana, Bibi. Nilikuwa nimeogopa kwamba utasema niwatoe.

Wametaga. Nilipanda juu ya kiti mama kwenzi alipotoka, nikachungulia. Mayai ni matatu, rangi yake siwezi kuieleza vizuri. Fikiria bati la bakuli lako la zamani lile la buluu, halafu ulifikirie limelowa. Sikuyagusa. Mama anawaita wapangaji. Akiwakuta mlangoni kwao anawaambia, "Ninyi, nani amewapa mkataba hapa?" Wao wanampigia kelele. Juzi mmoja alimpiga bawa kichwani. Akaniambia, "Wamefanana na nyanya yako, wakali na nyumba si yao." Hilo naomba usilijibu.

Vibuyu nimevifukiza kama ulivyosema, kimoja kimoja. Moshi ulinitoa machozi. Kile cha mstari mmoja sikukifukiza, kwa sababu unazozijua.

Baba hajarudi, lori lao limekwama Tunduma kusubiri mzigo. Nyumba imekuwa kimya, lakini uani hakuna kimya. Nikitoka shule ninakaa kwenye kile kigoda chako na vitabu vyangu, na ninasoma sura moja kwa saa nzima kwa sababu macho yanakwenda juu. Niliwahi kudhani kwamba ulikuwa unakaa hapo kwa kuchoka. Sasa nimeelewa kwamba ulikuwa na kazi.

Unarudi lini? Ningependa uwaone kabla hawajaruka.

Mjukuu wako,
Nyamizi.


Bukundi,
5 Machi 2025.

Mama Nyamizi,

Mwangaluka.

Lucy amejifungua salama. Mtoto wa kike. Katika nyumba hii ya Bundala walikuwa wanazaliwa wavulana tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakaanza kucheka. Huyu ni wa kwanza. Ana nywele nyingi na hasira.

Jumamosi tarehe kumi na tano atapewa jina. Baba yako mdogo Novatus atatoka Nyalikungu Ijumaa na dawa zake za mifugo, anakuja mnadani huku. Nimemwambia apitie kwenu. Mpe kile kibuyu cha mstari mmoja. Nataka kumpa mtoto. Kama kuna kitu ndani, kitoe. Kioshe kwa maji ya moto, kifukize, kifunge ndani ya kanga safi.

Usiniulize sana, mama. Yapo mambo ya kuandika na yapo mambo ya kusema tukiwa tumekaa. Hili nitakueleza nikirudi.

Bibi yako,
Kabula.


Bariadi,
14 Machi 2025.

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiweka ndani ya kanga pamoja na kibuyu. Naomba uisome kabla hujakifungua.

Siyo kile cha mstari mmoja. Nakuomba usinikasirikie mpaka ufike mwisho.

Tangu barua yako ifike sikulala vizuri. Jana nilichemsha maji kama ulivyoagiza, nikayaleta uani, nikapanda kiti. Ndani kuna makinda matatu. Macho yamefunguka, manyoya yanaanza kutoka kama vijiti vya kalamu, na nilipoweka kivuli changu mlangoni yote matatu yakanifungulia vinywa yakidhani nimeleta chakula. Na siyo baba na mama peke yao wanaoyalisha. Wamekuja kwenzi wengine, sijui ni shangazi au kaka zao, kila mmoja na panzi wake, wanapanga foleni juu ya bati. Uliandika "kama kuna kitu ndani, kitoe." Nilisimama juu ya kiti mpaka maji yakapoa. Nikashuka.

Leo Novatus amefika ana haraka, pikipiki haijazimwa hata injini. Nikamwonyesha. Akachungulia, akasema, "Hawa ukiwatoa wamekufa leo leo."

"Ndiyo. Lakini Bibi anakitaka hiki."

"Anakitaka cha nini?"

"Kumpa mtoto wa Lucy."

"Basi mpe kingine, binti. Ukuta mzima huu! Mtoto wa siku kumi atajua tofauti ya kibuyu na sufuria?"

Nilifikiri sana, Bibi, ingawa alikuwa anapiga honi. Sikutaka kutoa kibuyu chako chochote bila ruhusa, kwa sababu mali ya mtu ni ya mtu. Kilicho changu hapa ukutani ni kimoja, chenye mistari mitatu, kile nilichosukia maziwa na wewe mwaka juzi mpaka siagi ikatoka. Ni kizuri kuliko vyote. Nimekitoa hicho. Nimekiosha na kukifukiza. Nilitaka zawadi itoke kwangu, ili wewe usipungukiwe na kitu na makinda yasife, na mtoto apate kilicho bora. Mimi ninaweza kukaa bila kibuyu. Wewe mwenyewe unasema sina haraka ya kuolewa nikaondoka nacho.

Msalimie Lucy. Mwambie kuku hawaumi.

Mjukuu wako,
Nyamizi.


Bukundi,
23 Machi 2025.

Nyamizi,

Nimechelewa kuandika. Nilianza mara kadhaa nikaacha.

Barua yako niliiona jioni, baada ya watu kutawanyika. Ilianguka chini kanga ilipofunguliwa na mtu akaikalia.

Novatus alipata pancha njiani, akalala Mwanhuzi. Alipofika tulikuwa tumeshakaa, majirani wamekuja, pombe imemiminwa. Bundala alikuwa kwenye kiti chake, mguu ameunyoosha. Novatus akampa furushi yeye mkononi, moja kwa moja. Mimi nilikuwa upande wa wanawake.

Sasa nikueleze nilichosema nitakueleza nikirudi. Kwetu, mtoto wa kike hachaguliwi jina pale pale. Jina linakuja na kibuyu. Mzee anakiinua, anapitisha kidole kwenye alama ya shingoni, na jina la mwenye alama ndilo analolitamka. Akishalitamka, limekaa. Halibadilishwi. Alama za vibuyu vyangu vyote Bundala ndiye aliyezichoma kwa waya wa moto, anazijua kama anavyojua ng'ombe wake. Wewe mwenyewe uliitwa hivyo, hapa hapa Bukundi, ukilia. Mistari mitatu ilikuwa ya mama yangu, nikamwomba akuchomee na wewe. Ndiyo maana ninakuamkia.

Mstari mmoja ni Minza.

Minza ni mwanangu wa kwanza. Alimtangulia baba yako. Kibuyu kile nilikipanda mimi, mbegu yake niliiotesha nikiwa na mimba yake. Surua ilimchukua akiwa bado hajapata nguvu za kusuka maziwa, kwa hiyo hakijawahi kutiwa kitu. Sikumtaja tena. Novatus alizaliwa nyuma, hamjui. Baba yako alikuwa mdogo, akaona sitaji, naye akaacha. Ulipozaliwa wewe nilitaka uwe Minza, lakini mama yangu alikuwa amefariki mwezi ule ule, jina lake likatangulia. Basi nikangoja. Nimemngoja mtoto mwingine wa kike, kama huyu wa Lucy, tangu ulipoanza shule.

Bundala nilikuwa nimemwambia jina gani linakuja. Alipofungua kanga akapitisha kidole. Akakipitisha tena. Akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ngojeni." Watu wangengoja. Lakini Lucy alikuwa amemwinua mtoto, uso wake umejaa furaha, na wanawake walikuwa wameshavuta pumzi. Nilinyamaza. Bundala akasema, "Nyamizi." Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wakashtuka.

Basi mtoto anaitwa Nyamizi. Lucy amefurahi sana na kibuyu, analala nacho kichwani pake. Siwezi kumwambia, na wewe usimwambie kamwe.

Sikukasirikii. Nisikilize vizuri. Ungeniandikia siku ile ulipoipata barua yangu, tungengoja. Mtoto hana haraka ya jina, ana haraka ya ziwa. Na mimi ningekuandikia kibuyu kile ni cha nani, usingepata shida yote hiyo juu ya kiti. Uliniuliza mwezi wa pili, "Niwaache au niwatoe?" Niliisoma ile sehemu peke yangu, Bundala sikumsomea. Nilitaka kukuandikia uwatoe. Kisha nikafikiri kwamba kwa miaka yote hiyo hakijawahi kuwa na chochote chenye uhai ndani. Kalamu ikakataa pande zote mbili. Ukadhani nimekubali. Tumefichana, Nyamizi, kila mtu kwa kumhurumia mwenzake.

Nilitaka tu lile jina liitwe tena uani kwa mtu. Minza njoo. Minza lete maji. Basi.

Mimi sasa ni mzee, na Lucy amesema anataka apumzike kuzaa. Kibuyu waachie kwenzi. Usikioshe kwa ajili yangu.

Bibi yako,
Kabula.


Bariadi,
30 Machi 2025.

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nyuma ya bafu, ili Mama asinione. Nisamehe. Sitaandika maneno mengi ya kuomba msamaha, kwa kuwa nimeyaandika kwenye karatasi nyingine nikaona yanaeleza habari zangu mimi, na habari hii siyo yangu. Lakini nilikuahidi kukuambia yote, kwa hiyo na haya nitakuambia.

Makinda yameruka. Mawili yaliondoka Jumanne, la tatu lilibaki mlangoni likilia mpaka Jumatano, wakubwa wakawa wanaliita kutoka kwenye mwarobaini wakiwa na panzi mdomoni, hawalipelekei. Likaanguka zaidi kuliko lilivyoruka, lakini likafika. Sasa kibuyu ni kitupu. Ijumaa ile Novatus alipopiga honi zilikuwa zimebaki siku chache tu, Bibi. Ningekuandikia sentensi moja, "Naomba tungojewe kidogo." Sikujua kwamba watoto wanaweza kuwaomba wakubwa wangoje. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hapakuwa na haja ya kuchagua.

Alhamisi Baba alirudi kutoka safari. Nilimngoja anawe, ale, apumzike. Asubuhi yake alipotoka uani kupiga mswaki nikamuuliza, "Baba, Minza alikuwa nani?"

Akasimama na povu mdomoni. "Nani amekutajia?"

"Bibi. Kwa barua."

"Mama yangu? Ameandika? Kwa mkono wake?"

"Ndiyo."

Akatema, akageuza ndoo, akaikalia. Kisha akasema, "Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda kisimani. Mimi nikimpiga teke ananitishia kunirudisha kule nilikookotwa. Aliniambia nimeokotwa shambani, ndani ya pamba, ndiyo maana kichwa changu ni cheupe kwa vumbi. Nilimwamini mpaka nikaanza shule. Nikamuuliza mwalimu, darasa zima likanicheka."

Nikacheka na mimi. Baba akacheka, halafu akawa hacheki, akajifuta uso na taulo.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Baba Nyamizi, miaka yote niliyokaa katika nyumba hii, nina wifi na hamjanitajia?"

"Mama hakumtaja. Na sisi tukanyamaza."

"Anaitwa nani?"

"Minza."

"Minza," akasema Mama. Akavuta kiti. "Haya, hebu nisimulie vizuri. Minza alikuwa mrefu au mfupi?"

Basi wakazungumza mpaka chai ikapoa. Alikuwa mrefu. Alikuwa anawaogopa kenge lakini hawaogopi mbwa. Nilikuwa ninahesabu moyoni kila lilipotajwa, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu lilikuwa limeshakuwa jina la kawaida. Nilitaka ujue kwamba limetajwa hapa uani, Bibi, asubuhi, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekufa kwa kulisikia.

Kisha Baba akakishusha kile kibuyu. Akatoa nyasi pole pole kwa vidole, akazikusanya juu ya gazeti, akapitisha kidole kwenye mstari. Ndani kuna madoa meupe ya ndege yasiyokubali kutoka na mdomo umekwaruzika kidogo. Sijakiosha. Uliandika nisikioshe kwa ajili yako, nami nimetii. Lakini hukuandika kwamba nisikioshe kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa nitakuuliza jambo, na nimelifikiria siku zote hizi, hata kwenye mtihani wa hisabati, nikakosa swali. Wewe sasa una mama wawili, mmoja Bukundi na mmoja Bariadi, wala huna binti. Mtoto wa Lucy ana kibuyu changu. Mimi sina kibuyu. Jina la Nyamizi limepata watu wawili, na jina la Minza halina mtu. Sitaki kulitupa jina la mama yako, ninalipenda, na shuleni ndilo lililoandikwa. Lakini hapa nyumbani mtu anaweza kuwa na la shule na la uani. Nimemuuliza Baba kama inawezekana. Amesema, "Hayo si yangu wala si yako. Muulize mwenyewe, na safari hii umuulize mpaka ajibu."

Mimi si mtoto mchanga. Nina miaka kumi na tano na nitakuja kwa miguu yangu. Sitalia kama ile mara ya kwanza. Najua kwamba siwezi kuwa yeye, wala sitajifanya. Ningependa tu ukiwa uani ukihitaji maji, uwe na wa kumwita.

Gari la Mwanhuzi linaondoka kesho asubuhi na kondakta amenihakikishia kwamba barua itafika. Alhamisi litakaporudi nitakuwa stendi baada ya masomo. Naomba jibu lako lije na gari hilo hilo, hata kama ni neno moja, ili nijue kama nichemshe maji ya kukioshea au nisichemshe. Nikija nacho huko Pasaka, kikiwa na madoa yake, utamruhusu Babu Bundala akiinue kwa ajili yangu?

Mjukuu wako,
Nyamizi.